Gari Linapoishiwa Mafuta: Madhara kwa Injini, kwa Usalama na kwa Mfuko wa Mtumiaji

Katika barabara ya kutoka Kahama kwenda Geita kupitia Kakola, si jambo geni kukuta gari limesimama pembeni, matawi ya mti yametandazwa nyuma yake kama ishara ya hatari, na utingo ameondoka kwa bodaboda akiwa na dumu tupu mkononi. Abiria hukaa kivulini, mwenye salio hupiga simu, na baada ya saa moja au mbili safari huendelea. Kwa kuwa safari huendelea, wengi huhesabu kwamba hasara yote ni ule muda uliopotea.

Hesabu hiyo haijakamilika. Gari linapoishiwa mafuta, kuna yanayotokea ndani ya mfumo wa mafuta, kuna yanayotokea kwenye usukani na breki katika sekunde chache za mwanzo, na kuna yanayotokea pale dereva anaponunua chochote kilicho karibu ili aondoke. Somo hili linaeleza mambo hayo yote, na linalitilia mkazo la mwisho, kwa kuwa hapo ndipo tatizo dogo hugeuka kuwa kubwa.

Kishale, taa na umbali halisi

Geji ya mafuta huongozwa na boya linaloelea ndani ya tangi. Boya likishuka, kishale hushuka. Chombo hicho ni cha makadirio, wala hakikuundwa kupima kwa usahihi wa pampu ya kituo. Gari likiinama upande mmoja, likipanda mwinuko au likitikiswa na makorongo, mafuta hujikusanya upande mmoja wa tangi na kishale husema kisichokuwapo. Magari mengi madogo huwasha taa ya akiba yakiwa yamebakiwa na lita 5 hadi 8 hivi. Kiasi kamili hutofautiana kati ya gari na gari, nacho huandikwa katika kitabu cha gari husika. Lakini magari mengi yaliyopo nchini yaliingizwa yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na kitabu, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Dereva hubaki na mazoea, na mazoea aliyoyapata kwenye lami hayamfai kwenye changarawe.

Tuchukue gari dogo la petroli ambalo kwenye lami hutembea kilomita 11 kwa lita moja. Kwa lita 10 litatoka Shinyanga mjini, lipite Tinde na Isaka, na kufika Kahama, mwendo wa kilomita mia moja na kitu, likiwa karibu linakauka. Gari hilohilo likipakia abiria na mizigo, wakati wa mvua, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaonata kwenye magurudumu, laweza kutembea kilomita 7 tu kwa lita. Lita 10 zilezile sasa ni kilomita 70, ilhali kutoka Kahama hadi Geita kwa njia ya Kakola ni takriban kilomita 120. Dereva hakukosea kusoma geji. Amekosea kudhani kwamba robo ya tangi ni umbali uleule kila mahali.

Njia ya kuujua ukweli ni rahisi na haihitaji fundi. Jaza tangi hadi pampu ya kituo ijikate yenyewe, kisha andika kilomita zilizosomeka. Tumia gari kama kawaida. Unapojaza tena katika kituo kilekile, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza, ambazo zimeandikwa kwenye stakabadhi. Fanya hivyo mara moja kwa safari ya lami na mara moja kwa safari ya vumbi au tope. Namba hizo mbili zina faida nyingine: siku zikibadilika ghafla bila sababu, ama gari lina hitilafu, ama mafuta uliyouziwa yana kasoro ya ubora au ya kipimo.

Injini ya petroli

Magari mengi ya petroli ya leo yana pampu ya umeme iliyokaa ndani ya tangi lenyewe. Pampu hiyo hupozwa na kulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Tangi likikauka huzunguka ikivuta hewa, hupata joto, na sehemu zake husagika. Kukauka mara moja kwa dakika chache kwa kawaida hakuiui pampu iliyo nzima. Kinachoiua ni mazoea ya kutembelea akiba kila siku, ambapo pampu huvuta mafuta na hewa kwa zamu kila gari linapokata kona au kupanda kilima. Mmiliki huona matokeo baada ya miezi mingi, gari linapogoma kuwaka asubuhi, naye huilaumu pampu kuwa ni bandia.

Husemwa pia kwamba tangi likikaribia kuisha, gari huanza kuvuta uchafu wa chini. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Pampu huvuta kutoka chini ya tangi wakati wote, hata likiwa limejaa. Tofauti ni kwamba mafuta yakiwa machache, maji, kutu na mashapo yaliyomo huwa sehemu kubwa zaidi ya kile kinachovutwa, na mtikisiko wa barabara huyavuruga kwa urahisi. Aidha, tangi lenye nafasi kubwa tupu hubeba hewa nyingi, na unyevu wa hewa hiyo huganda kuwa matone usiku wa baridi. Kwa gari ambalo tangi lake ni safi, tofauti ni ndogo. Kwa gari lililolishwa mafuta ya madumu miaka mitano, tofauti ni kubwa.

Dalili za mwisho kabla ya kuzima ni injini kukohoa na kukosa nguvu. Wakati huo petroli haichomeki sawasawa, na mabaki yake huenda kuungulia kwenye kisafisha moshi, kile mafundi wengi hukiita masega, na kukipasha joto kupita kiasi. Gari likianza kukohoa, kulilazimisha lifike “pale mbele tu” ni kuyaunguza masega ambayo bei yake inazidi sana ile ya tangi zima la petroli. Lizimwe.

Baada ya kuongeza mafuta, usikimbilie kuzungusha starta. Washa swichi bila kuwasha injini, subiri sekunde chache, zima, kisha rudia mara tatu au nne ili pampu ijaze mirija. Ndipo uwashe, na usizungushe starta zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo. Kiasi unachoongeza nacho kina maana: chupa moja ya lita moja na nusu, gari likiwa limeinama, yaweza isiufikie mdomo wa pampu. Lita 5 ndiyo kima cha chini chenye busara. Gari likiwaka na kutulia, huna sababu ya kubadilishiwa pampu siku hiyo. Fundi anayekuambia kwamba pampu “lazima imekufa” kwa kuwa gari lilizima, bila kuipima msukumo wake, anakuuzia kifaa usichokihitaji.

Injini ya dizeli

Kwa dizeli mambo ni mazito zaidi. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Mafuta hupulizwa kwa msukumo mkubwa ndani ya hewa iliyobanwa hadi ikawa moto, na hapo huwaka yenyewe. Msukumo huo hauwezi kupatikana ikiwa kuna hewa ndani ya mirija, kwa kuwa hewa hubanika na dizeli haibaniki. Kwa hiyo gari la dizeli lililokauka haliwaki kwa kuongezewa mafuta tu. Ni lazima hewa itolewe.

Katika injini za zamani, kama zile za magari ya kazi yanayoonekana kila mahali kuanzia Mwadui hadi Bulyanhulu, kazi hiyo hufanywa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la mafuta: nati ya kutolea hewa hulegezwa, pampu hubonyezwa hadi povu liishe na dizeli itoke ikiwa safi, kisha nati hukazwa. Anayeijua huimaliza kwa muda mfupi. Asiyeijua huzungusha starta hadi betri imalizike, halafu hutafuta watu wa kusukuma, na mwisho humwita fundi kutoka mjini kwa gharama ya nauli na ufundi. Kila mmiliki wa gari la dizeli anayepita njia za mbali ahakikishe kwamba dereva wake amefundishwa zoezi hili, tena gari likiwa zima, uani, na si usiku porini.

Hasara iliyo kubwa zaidi haionekani. Pampu ya msukumo ya injini ya dizeli haina oili yake katika aina nyingi. Hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikizunguka kavu, vyuma husagana. Katika injini za kisasa zinazoongozwa kwa kompyuta, ambazo msukumo wake ni mkubwa mno, vumbi la chuma kutoka kwenye pampu husafiri hadi kwenye nozeli na kuziharibu moja baada ya nyingine, na mfumo wote huhitaji kusafishwa au kubadilishwa. Bei ya matengenezo hayo huweza kukaribia bei ya injini nyingine iliyotumika. Hivyo kishale cha gari la kisasa la dizeli kisiruhusiwe kamwe kufika chini.

Jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, kama Rwamgasa na Nyarugusu, injini za dizeli ndizo zinazosukuma makarasha ya kusaga mawe, ndizo zinazoendesha jenereta, na mara nyingi ndizo zinazovuta maji kutoka maduarani. Injini ya aina hiyo ikikauka, huingia hewa sawasawa na ile ya gari, na kuirudisha kunaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji ya chini ya ardhi hayasubiri nusu saa hiyo. Ikiwa jenereta hiyohiyo ndiyo inayopeleka hewa chini, kinachosubiri si abiria waliokaa kivulini. Mafuta ya zamu nzima yapimwe na yawekwe kabla mtu yeyote hajashuka, na mtu anayejua kutoa hewa kwenye mfumo awe juu muda wote.

Sekunde za mwanzo barabarani

Injini ikizima gari likiwa katika mwendo, usukani unaosaidiwa na nguvu ya injini huwa mzito ghafla. Hauachi kufanya kazi. Unahitaji nguvu zaidi. Breki nazo hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja, mbili au tatu tu, kisha kanyagio hugeuka gumu kama jiwe. Kwa hiyo kanyaga mara moja kwa uthabiti badala ya kubonyeza na kuachia, elekeza gari pembeni wakati bado lina mwendo, na usichomoe ufunguo kabla halijasimama, maana usukani unaweza kujifunga. Malori na mabasi yenye breki za upepo yana hatari ya namna nyingine: kompresa husimama pamoja na injini, upepo huendelea kupungua, na ukishuka kupita kiwango breki hujifunga zenyewe popote gari lilipo, hata katikati ya barabara.

Wapo madereva wanaojaribu kuokoa tone la mwisho kwa kuweka gia huru kwenye mteremko. Kwa magari ya kisasa hakuna kinachookolewa, kwa sababu gari likiteremka ndani ya gia huku mguu umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa, ilhali gari lililo kwenye gia huru huendelea kuunguza kidogo ili injini isizime. Dereva hupoteza msaada wa gia katika kulizuia gari, na halipwi chochote.

Gari likiisha kusimama, washa taa za tahadhari, weka pembetatu za kuakisi mwanga kwa umbali wa kutosha mbele na nyuma, na ushushe abiria wakae mbali na barabara. Matawi ya mti husaidia mchana. Usiku hayaakisi mwanga, na barabara ya Isaka, Kahama na Ushirombo kuelekea Rusumo hupitwa na malori ya masafa marefu usiku kucha.

Mafuta ya dumu na ya chupa

Hapa ndipo dereva aliyekwama hufanya uamuzi wa gharama kubwa. Bodaboda hurudi na chupa za maji zilizojaa kimiminika cha rangi ya manjano, au dumu la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula. Bei iko juu ya ile ya kituoni, hakuna stakabadhi, na muuzaji hana leseni inayotakiwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Tunaelewa kwamba pale ambapo kituo kiko kilomita 40, ushauri wa “usinunue” hautamwondoa mtu porini. Kwa hiyo ni vema ajue anachokinunua.

Kwanza, hajui kipimo. Pampu ya kituo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama ya ukaguzi. Chupa haikaguliwi na mtu.

Pili, hajui aina. Dizeli na petroli katika madumu yanayofanana huchanganywa kwa bahati mbaya, hasa gizani. Petroli ikiingia kwenye gari la dizeli, au kinyume chake, usiwashe injini, wala usigeuze ufunguo hadi kwenye swichi, kwani pampu itaanza kuyasambaza. Tangi linaloondolewa mafuta kabla injini haijawashwa ni kazi ya nusu siku. Injini iliyokwisha kuyanywa ni habari nyingine.

Tatu, hajui ubora. Uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa uliwahi kushamiri nchini wakati mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, na ndiyo sababu mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wake ili faida ya kuchanganya iondoke. Mwaka uliotangulia, 2010, ulikuwa umeanza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta yanayouzwa ndani ya nchi. Mafuta yanayopita kwenda nchi jirani, na yale yaliyosamehewa kodi, hayawekwi vinasaba, hivyo mkaguzi akipima tangi la kituo hutambua kama kuna mafuta yaliyochepushwa. Kahama na Isaka zipo katika njia hiyo ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mkaguzi huweza kukipima kituo. Chupa iliyofichwa nyuma ya kibanda hawezi kuifuata.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga ndani ya injini, hutoa moshi na huwasha kwa shida. Dizeli iliyochanganywa nayo hupoteza ulainishaji, na tumeona juu kwamba pampu ya dizeli haina mlainishaji mwingine. Gari ambalo limetoka kuzunguka kavu, likalishwa mafuta yasiyolainisha, limepata pigo mara mbili katika saa moja. Kipimo cha haraka cha petroli ni kudondosha tone juu ya karatasi nyeupe, mbali na moto: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, na yenye mafuta ya taa huacha doa linalokawia. Si uthibitisho wa maabara, ila ni bora kuliko kunusa. Ukilazimika kununua, nunua kiasi cha kukufikisha kituo cha karibu tu, mimina kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na ujaze mafuta ya kituoni mara ufikapo. Chujio libadilishwe mapema.

Nne, anabeba moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutafuta cheche mbali na dumu. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Dumu la lita 5 ni dogo kuliko lori, lakini kinachowaka ni kilekile. Lisibebwe ndani ya gari lenye abiria, lisimiminwe juu ya injini iliyo moto, na asiwepo mtu anayemulika kwa kiberiti. Kunyonya mafuta kwa mdomo kupitia mpira kuachwe kabisa: tone likiingia kwenye mapafu huleta ugonjwa mkali, na aliyemeza asitapishwe bali apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa nini watu hutembelea akiba

Ni rahisi kuwalaumu madereva. Lakini dereva wa mchomoko anayebeba abiria kati ya Katoro na Geita mjini ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, na fedha ya mafuta huipata kutoka kwa abiria wa kwanza. Huweka mafuta ya shilingi 10,000, hutembea, huweka tena. Tangi lake halijawahi kujaa. Tena mafuta humtoka yeye mfukoni kila siku, ilhali pampu ikifa hununuliwa na tajiri. Kila mmoja analinda fedha yake, na gari linalipa.

Kuna njia ya kutoka isiyoongeza matumizi ya kila siku. Dereva au tajiri aongeze lita 10 mara moja tu, kisha kishale kinapofika robo wakihesabu kuwa ni sifuri. Kuanzia siku ya pili dereva ataendelea kuweka shilingi 10,000 zake kama zamani, kwa kuwa gari linakula kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba linafanyia kazi juu ya tangi badala ya chini. Lita zile 10 hazijatumika. Zimewekwa amana ndani ya gari. Tajiri mwenye kupenda gari lake angezitoa yeye.

Sababu nyingine ni umbali wa vituo. Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini imekuwa ikitoa mikopo ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, navyo hupewa masharti ya ujenzi yaliyo mepesi kuliko ya mjini. Mfanyabiashara wa madumu mwenye mtaji anaweza kuanzia hapo akawa muuzaji halali.

Kituo kikisema mafuta yameisha

Kuna nyakati mtumiaji hukwama bila kosa lake. Katikati ya mwaka 2023 uhaba ulijitokeza katika maeneo kadhaa nchini, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilisitisha leseni za baadhi ya vituo vilivyobainika kuficha mafuta. Bei kikomo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na siku zinazoitangulia ndizo ambazo mtumiaji anapaswa kuwa macho, kwa kuwa muuzaji anayetarajia bei kupanda hushawishika kusubiri. Ukiambiwa mafuta hakuna huku magari mengine yanahudumiwa nyuma ya kituo, andika jina la kituo, tarehe na saa, na utoe taarifa.

Bei kikomo ya mji wako, ambayo kwa Geita na Shinyanga ni kubwa kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za usafirishaji, hupatikana kwa simu ya kiganjani kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kituo kinapaswa kuweka bango la bei linaloonekana wazi na kutoa stakabadhi yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita.

Stakabadhi hiyo ndiyo mwanzo wa lalamiko lolote. Gari likizima muda mfupi baada ya kujazwa, usikubali tangi limwagwe chini na fundi. Omba sampuli ichukuliwe katika chombo safi mbele ya shahidi, na fundi aandike alichokikuta, hasa maji yaliyo chini ya chujio. Lalamiko lipelekwe kwanza kwa mwenye kituo kwa maandishi. Asipotoa suluhu, lipelekwe EWURA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza, pamoja na nakala ya stakabadhi na maelezo ya fundi. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji humsaidia mtumiaji asiyejua namna ya kuandika lalamiko lake, bila malipo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.